Mikono Ndani ya Leso

Kitu cha kwanza kunishinda kilikuwa kifuniko cha chupa ya mafuta. Nilikishika, nikakizungusha, vidole vikakataa. Nikakifunga kitambaa, nikaibana chupa katikati ya magoti, kikafunguka. Sikumwambia mtu. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, na kwetu Takaungu baridi yabisi ni maradhi ya vikongwe.

Kazi yangu ni mahamri na mbaazi, kama ilivyokuwa kazi ya mama. Alipofariki nilikuwa darasa la saba. Baba alikuwa amekwisha kutangulia, na mdogo wangu wa mwisho alikuwa hajaanza kutambaa. Nikaweka madaftari juu ya kabati, nikashika mwiko. Ndugu zangu wawili wa katikati wamekua, wana nyumba zao na mizigo yao. Aliyebaki ni huyu wa mwisho, na yuko kidato cha tatu. Nilijiwekea jambo moja tu: huyu amalize. Kwa hiyo mikono yangu asiijue.

Nikaanza kutafuta njia. Mpini wa kisu niliuzungushia mpira wa baiskeli, ukawa mnene, nikaweza kuushika bila kukunja ngumi. Sufuria nilibeba kwa vigasha, si kwa vidole. Dumu la maji nililitia utepe mpana, nikaliangika kwenye kiwiko. Nazi ikishakunwa niliifunga kwenye kitambaa, nikapitisha mwiko kwenye fundo na kuuzungusha, tui likashuka bila kiganja kukamua. Nguo za vifungo niliziacha, nikavaa madera. Asubuhi nilitumbukiza mikono kwenye maji ya vuguvugu mpaka vidole vikubali kunyooka. Mdogo wangu akiamka, alikuta nimeificha ndani ya leso niliyojitanda.

"Dada, wasikia baridi na jua lote hili?"

"Nasikia."

Siku moja nilimwambia naenda kununua unga, nikaenda hospitali Kilifi. Daktari alibonyeza kiungo kimoja kimoja, akaniuliza nafanya kazi gani.

"Nakanda unga."

Akaanza kuandika. "Utapata vidonge. Lakini huko kukanda, mama, punguza."

Punguza. Alisema kama mtu anayezungumzia sukari kwenye chai.

Unga ndio haukuwa na njia. Kitambaa, kamba na mpira vilisaidia pembeni mwa kazi, lakini katikati yake palikuwa na donge linalotaka ngumi. Nilijaribu viwiko, mahamri yakatoka magumu. Mteja mmoja akaniuliza kama siku hizi nauza mahamri au mawe ya kujengea.

Alasiri moja mdogo wangu akarudi mapema. Alinikuta nimeliinamia beseni, naubonyeza unga kwa kiwiko huku nalia. Leso ilikuwa chini. Akaishika mikono yangu, akaigeuza. Vifundo vilikuwa vimevimba, na vidole viwili vimelala upande.

"Tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Dada, vidole havipindi kwa siku mbili." Akakunja mikono ya sare yake. "Ondoka hapo nikande."

"Nenda kasome."

"Nisome nini na wewe uko hivi? Kesho siendi. Kesho kutwa siendi. Nitakaa nikande, kama ulivyokaa wewe."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonitia wazimu. Niliutoa unga, nikaufunga ndani ya nailoni mpya ya kutandikia meza, nikaosha miguu kwa sabuni mara mbili, nikapanda juu yake.

"Unaona? Unakandika! Miguu yangu haina yabisi! Wewe utakwenda shule!"

Kwetu chakula hakikanyagwi. Hata punje ya wali ikianguka njiani huokotwa ikawekwa kando, neema ya Mungu isipitiwe juu. Nililijua hilo tangu utotoni, na bado nilikanyaga. Mdogo wangu alianza kucheka, kisha akafunika uso.

"Hodi humu!"

Alikuwa jirani yetu, anarudisha mbuzi ya kukunia nazi aliyoiazima. Hakungoja karibu. Alisimama mlangoni akiitazama miguu yangu.

"Yaa Rabbi! Ndiyo mahamri yetu haya?"

"Ni ndani ya nailoni, na nailoni ni safi."

"Nailoni safi, na mguu je? Bibiye, mimi asubuhi nimtilie mume wangu chai, nimwandalie na nyayo zako?"

Akaiweka mbuzi chini taratibu, kama kitu cha kuvunjika, akaondoka.

Unga ule niliwapa kuku. Jioni ile nilimruhusu mdogo wangu akande mwingine, mara hiyo moja tu. Asubuhi mahamri yalifura vizuri kuliko miezi yote iliyopita. Mbaazi zikaiva. Tuliketi mlangoni na beseni limefunikwa, watu wakapita upande wa pili wa njia wakitusalimu kwa adabu. Hakuna aliyesimama.

"Umeona?" akasema mdogo wangu. "Hawatarudi mpaka wajue ni mimi ninayekanda. Nikae wiki moja tu, dada."

Wiki moja. Mimi nami niliambiwa hivyo hivyo mama alipofariki: kaa mpaka mtoto apate nguvu.

Nikaenda kwenye kamba, nikaichukua blauzi yake ya shule, nikamvalisha kama nilivyokuwa nikimvalisha alipokuwa mdogo. Akaniachia. Kifungo cha kwanza kilinitoka mara tatu. Maumivu yalipanda mpaka begani.

"Nipe, nitafunga mwenyewe."

"Ukifunga mwenyewe, utafungua nikigeuka."

Akasimama, mikono chini, akitazama vidole vyangu vikitafuta tundu. Cha pili. Cha tatu. Kule nje watoto wa shule walikuwa wamekwisha kupita. Cha nne kilinichukua muda mrefu mpaka nikadhani ndipo nitakapoishia, na yeye alikuwa analia bila sauti, machozi yananidondokea juu ya vifundo.

"Nitachelewa, dada."

"Chelewa. Lakini utakwenda."

Nilipomaliza cha tano alichukua mtandio na mkoba, akatoka. Nilimtazama mpaka akapinda kona. Kisha nikarudi ndani, nikapita kando ya ile mbuzi iliyoachwa mlangoni, nikatumbukiza mikono kwenye maji ya asubuhi. Yalikuwa yamepoa. Beseni la mahamri lilikuwa bado limejaa, na sikujua unga wa kesho nitaukanda kwa kiungo gani.