Mjukuu Mfaransa

Baba yangu alizaliwa Unguja, akakulia Unguja, na mbali na Kiswahili chetu ambacho Moroni tulichekwa nacho, alichotoka nacho huko ni imani yake kwa balozi. Enzi za mkoloni, Wangazija wa Unguja walihesabiwa watu wanaolindwa na Ufaransa. Mmoja wao akionewa na polisi au akitiwa kwenye kesi, wazee walivaa majoho wakaenda kwa balozi wa Kifaransa kulalamika kwamba mtu wao kashikwa. Baba alilisimulia hilo kwa raha mpaka unamwonea haya. Mie nikimuuliza huyo balozi alikuwa wapi yalipokuja mapinduzi, tukaambiwa sisi si raia, tukafungasha virago, alinikata jicho. “Wewe mtoto una mdomo,” akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Tuliporudi Moroni, na kurudi ni kwa kusema tu, maana mimi na dada yangu hatukuwahi kuiona, tulikaa mtaa wa Badjanani katika nyumba ya bibi mzaa mama. Nyumba ya bibi, nasema, kwa sababu kisiwani kwetu Ngazija nyumba ni ya mwanamke. Mume ndiye anayehamia kwa mkewe, na siku wakiachana hubeba sanduku lake akatoka, mke na watoto wakabaki pale pale. Hakuna anayebishana. Hilo ndilo lililotufanya tulale usingizi.

Kisha wakaja mamluki. Wazungu wenye sare nyeusi walikuja kupindua serikali, wakaipindua, na badala ya kwenda zao wakabaki kuwa walinzi wa rais. Mmoja aligonga kwa gari meza ya mama muuza samaki, samaki wote chini, na polisi waliofika walimpigia saluti yeye, wakamfokea mama wa watu aondoe uchafu barabarani. Ukiuliza wale watu wako chini ya sheria ya nani, kila mtu anatazama pembeni. Nilikuwa na hasira nao mpaka kichwa kinaniuma, na hasira yenyewe haikuwa na pa kwenda.

Wallahi sijui dada yangu aliona nini kwa yule mamluki wake. Mzungu alitoa shahada mbele ya kadhi, akapewa jina jipya, akavaa kofia, akahamia kwetu na sanduku lake kama desturi inavyotaka. Siwezi kusema alikuwa na kisirani. Alikula mataba, kisamvu chetu cha nazi, bila kukunja uso, na baba alimwamkia kila asubuhi. Akapatikana mtoto wa kike, mweupe wa maziwa, nywele zake hazishiki kitana. Mtaa mzima ulikuja kumtazama, na mie niliyeapa sitampenda mtoto wa mamluki ndiye niliyekuwa nikimwogesha.

Hapo baba akaanza. Mtoto apelekwe kwa balozi, aandikishwe Mfaransa kama baba yake. Dada alikataa. Alisema mtoto kazaliwa Badjanani, kadhi anamjua, inatosha. Baba akakasirika kweli. “Mnajua nchi hii itakuwa ya nani kesho? Huyu mtoto akiwa na balozi hataguswa na mtu!” Aliimba wimbo huo asubuhi, mchana, jioni, mpaka dada akachoka. Wakaenda, baba na joho lake, mzungu na sare yake, dada nyuma na mtoto mgongoni. Baba alirudi akicheka peke yake njiani. Sikumbuki kumwona na furaha kama ile tena.

Ndoa haikudumu. Mzungu alipelekwa kikosini Mutsamudu, kisiwa kingine, akapata mwingine huko, dada akadai talaka akapewa. Mzungu akaja kuchukua sanduku lake, nasi tukadhani yamekwisha. Idi ilipokaribia akatuma mtu wa kikosi amchukue mtoto kwa ndege, akale sikukuu na baba yake, atarudishwa ikipita. Mwenye akili ya kwingine angekataa. Sisi tulimsuka nywele, tukamvisha gauni jipya, tukampa. Kwani mwanamume wa kwetu aliyeachika atampeleka wapi mtoto, na nyumba ya mtoto iko kwa mama yake?

Idi ikapita. Mtoto haji. Tukapanda boti kwenda Mutsamudu, mimi, dada na baba. Nyumba aliyokuwa akiishi mzungu ilikuwa imefungwa. Mwanamke wa jirani alituambia, kwa Kindzuani, lugha ya kisiwa kile, ambayo ilibidi airudie polepole, kwamba muda wake wa kazi ulikuwa umekwisha, na kwamba ameondoka na ndege ya wenzake, yeye na mtoto. Dada alikaa chini pale pale mlangoni. Nilimvuta mkono, hakuinuka.

Kadhi wa Mutsamudu alikuwa amesoma Unguja, akatusemesha Kiswahili kizuri, na kwa dakika chache nilipata matumaini. “Mtoto mdogo kama huyu analelewa na mama yake,” alisema. “Hilo halina mjadala, binti yangu. Nitahukumu leo hii ukitaka.” Dada akasema anataka. Kadhi akamgeukia baba. “Mzee wangu, nikishahukumu, nimpe nani aende kumshika? Hata angekuwa hapo barabarani, askari gani angemgusa? Na sasa yuko kwao.” Alimwonea dada huruma, nilimwona, macho yalimjaa machozi. Huruma yake haikutusaidia kitu.

Baba akasema bado balozi yupo. Yarabi, nilitaka kumpigia kelele mbele za watu! Tuliporudi Moroni alivaa joho akaenda ubalozini, nasi tukamfuata. Tulipokelewa na bwana mpole, akatupa viti, akasikiliza yote. Kisha akaeleza: mtoto ni Mfaransa, yuko Ufaransa, pamoja na baba yake Mfaransa. Mahakama ya Moroni haina mkono juu yake. Wao kazi yao ni kuwalinda raia wao.

“Basi mlindeni,” baba akasema. “Kaibiwa.”

“Mzee, yuko na mzazi wake, katika nchi yake.”

Baba akaanza habari za Unguja, za wazee na balozi wa wakati ule. Yule bwana alimwachia amalize, akatikisa kichwa kwa heshima, na baba akasikia mwenyewe jinsi maneno yake yalivyokuwa hayaendi popote. 

Dada ndiye aliyeuliza, kwa sauti ndogo, je, yeye anaweza kwenda kumwona? Anaweza, aliambiwa, kama mgeni yeyote. Ataomba viza. Atahitaji mwaliko wa raia wa Ufaransa anayeishi kule, aliye tayari kumpokea na kutia saini.

“Mna jamaa yeyote Mfaransa?” yule bwana akauliza, kalamu mkononi.

Tulitazamana. Tulikuwa naye mmoja tu, na alikuwa bado hajajifunza kuandika.