Chupa ya Ubatizo

Mimi ni mtu wa zabibu. Nilizaliwa katika vijiji vya Dodoma, ambako mtoto hujua kuonja divai kabla hajajua kusoma, na sijawahi kuona haya kwa hilo. Nilipoolewa Karatu, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilifika na cherehani yangu na vijiti vya mzabibu vilivyofungwa kwenye gunia bichi. Cherehani ilipokelewa kwa vigelegele. Vijiti vilichekwa.

"Mkwe wetu ametuletea kuni," alisema mama mkwe.

Nilimwita Aayo, kwa sababu ndivyo Wairaqw wanavyomwita mama. Alikuwa mjane mfupi, mkavu, mwenye ulimi wa upupu. Pombe yake ya asali ilisifiwa mpaka Endabash. Nyumba yake, yenye moto usiozimika, ilikuwa ng'ambo ya korongo. Yangu, ya bati, ilikuwa upande huu, na mtu akipaza sauti kidogo upande mmoja alisikika upande wa pili. Siku za mwanzo niliona hilo ni balaa, maana hakuna jambo langu lililompita.

Mizabibu yangu ilishika, ila ilinuna. Dodoma mzabibu unataka jua, na jua lipo. Karatu ukungu hushuka kutoka msitu wa Ngorongoro na kukaa juu ya majani hadi saa nne asubuhi. Zabibu zikawa ndogo, chachu, na zile chache zilizopata utamu nyani walizigundua kabla yangu. Niliwatukana nyani wale kwa lugha zote nilizozijua. Aayo, ng'ambo, alikuwa akishika mbavu kwa kucheka.

Kilichotupatanisha ni kazi ya mume wangu. Alikuwa mhudumu wa baa katika hoteli moja huko juu, ukingoni mwa kreta, na watalii wana tabia ya kufungua chupa wasiimalize. Alikuwa akirudi likizo na mabaki, ya Wafaransa, ya Wataliano, ya nchi nisizozijua. Jioni ya kwanza nilimkaribisha Aayo kwa adabu tu, nikijua atakataa. Hakukataa. Alinusa, akanywa, akafumba macho, kisha akaniuliza swali ambalo baadaye liliitawala miaka yetu yote.

"Inanuka nini?"

Nikasema inanuka ngozi. Akasema hapana, inanuka ghala la mahindi baada ya mahindi kwisha. Nikanusa tena, na kweli. Tangu siku hiyo nilimheshimu.

Mume wangu alituambia kwamba wazungu wajuzi wakionja hawamezi, hutema. Nilidhani Aayo atawacheka. Lakini wazee wa kwao hubariki kwa kupuliza pombe kutoka mdomoni, ikawanyeshea watu. Akatikisa kichwa kwa heshima. "Kumbe nao wana wazee wa baraka," akasema. Sisi tulimeza. Baraka tuliwaachia wao.

Ikawa ndiyo starehe yetu. Tulikwenda misheni, ambako padri mmoja mzee alikuwa na safu chache za mizabibu kwa ajili ya divai ya altareni, akatuonjesha katika stoo yake kwa masharti kwamba tusiseme kanisani. Yake ilikuwa na ukakasi wa kukausha ufizi. Aayo alimwambia usoni kwamba sasa ameelewa kwa nini watu wanakomunika wamekunja uso. Padri alicheka mpaka akakaa chini. Tulikwenda Endabash kwa miguu kuonja divai ya asali ya bibi mmoja, tukarudi tukibishana njia nzima kama moshi uliokuwamo ni wa mzinga au wa jiko. Divai ya kwetu Dodoma nayo, chupa zilipopatikana madukani, tuliionja bila upendeleo. Aayo aliipenda. Nilijifanya sijali, lakini nilijaa fahari.

Tulinywa katika kikombe kimoja, cha bati, cheupe chenye ukingo wa buluu. Huko mwenye kinywaji hutangulia kuonja ili mgeni ajue hakuna hila, kisha hukupa kikombe hichohicho, nawe unaweka mdomo palipokuwa mdomo wake. Ukikataa umetukana. Kwetu sisi wawili ilikuwa zaidi ya adabu. Sikuwa na mama karibu, naye hakuzaa binti.

Halafu mpaka wa Kenya ukafungwa, watalii wakapungua, na mabaki ya chupa yakaisha. Baadaye madukani nako kukawa kweupe. Sukari ilikuwa hadithi. Divai ya zabibu chachu bila sukari ni adhabu, kwa hiyo Aayo akatoa shauri: asali ya msituni. Tuliponda zabibu zangu, tukatia asali yake, tukaacha mtungi uchemke wenyewe kwa mapovu. Nilikuwa na mimba, baada ya miaka mingi ya kungoja, na Aayo hakuniruhusu hata kuinua ndoo. Nilikaa kwenye kigoda nikitoa amri.

Ile ndiyo divai bora niliyowahi kuitengeneza. Nasema hivyo hadi leo, na nimeonja nyingi.

Tulijaza chupa tulizokuwa nazo, tukazipiga vizibo, tukaziba kwa nta. Moja nilimkabidhi Aayo. "Hii ni ya ubatizo wa mtoto," nikamwambia. "Ilaze ubavu, penye ubaridi, mbali na moto. Ukiiweka kwenye joto itageuka siki."

"Nimesikia, mwalimu," akanijibu, ingawa sikuwa mwalimu.

Mtoto alikuwa wa kike. Alizaliwa masika yakiisha, akakutana na baridi ya mwezi wa saba, ule ukungu unaoingia mpaka ndani ya blanketi. Kifua kikambana. Tulimpeleka hospitali, wakafanya waliyoweza. Padri alimmwagia maji haraka palepale kitandani, bila sherehe, bila divai. Asubuhi tukarudi naye akiwa amefungwa katika khanga yangu.

Kesho yake, baada ya maziko, Aayo alisimama upande wake wa korongo.

"Mwanangu," aliniita, "sasa uko kwenye metimani. Mimi sivuki, na wewe huvuki. Mpaka wazee waseme."

Nilikuwa nimesikia habari za metimani, lakini nilizidhani za wengine. Mwanamke aliyefiwa na mtoto hujitenga. Hagusi chombo cha mtu, wala mtu hagusi chake. Hali wala hanywi na jirani, hapiti njia ya ng'ombe wao. Wanasema kifo kimemshika na kinaweza kuwarukia wengine, mashamba na mifugo. Viongozi walikuwa wakiikataza mikutanoni, watu wakapiga makofi, kisha wakaenda nyumbani wakaishika vilevile. Mume wangu alikaa nami kwa muda, kisha akaitwa kazini, maana hoteli haina metimani. Nikabaki.

Niseme wazi: niliwachukia. Maziwa yalikuwa yakinitoka, nguo ikilowa kifuani, na hakuna mwanamke aliyekuja hata kuniambia nifanye nini. Cherehani ilinyamaza kwa sababu hakuna aliyeleta kitambaa. Watoto waliokuwa wakipita uani kwangu walifundishwa kuzunguka mbali. Aayo aliniletea unga na maharage, akayaacha juu ya jiwe katikati ya korongo, akaondoka kabla sijashuka. Aliyaleta katika vibuyu asivyovitaka tena. Vikajaa jikoni kwangu, kimoja baada ya kingine, na kila nilipovitazama niliwaza: mwanamke huyu tulinywa kikombe kimoja, leo hata kibuyu chake nikikigusa si chake tena.

Nikatoa sanduku uvunguni, nikapanga nguo zangu. Nilikata shauri kwamba siku wazee watakaponitoa, kesho yake nitapanda gari la Arusha, na kutoka Arusha nirudi kwa baba yangu. Sikumwambia mtu. Sanduku nililiacha wazi karibu na mlango, nikawa nalitazama kila siku ili nisibadili nia.

Jumapili moja, watu wamekwisha rudi kutoka kanisani, nikasikia sauti yake.

"Mwanangu! Nimeshika kikombe!"

Nikamwona kupitia dirishani, amesimama penye jua na kikombe chetu cheupe mkononi. Akanusa. Akanywa. Akakohoa kidogo, kama alivyofanya siku zote.

"Inanuka majani ya mvua ya kwanza!" akapaza sauti. "Na nyuma yake kuna asali, lakini asali yenyewe ina aibu!"

Nikafunga dirisha. Nilimwona hana haya. Ameifungua chupa ya mtoto, anainywa peke yake, na ananitangazia. Nililia kwa hasira.

Jumapili iliyofuata akarudi. Na iliyofuata. Hakuniuliza kwa nini sijibu. Alionja, akasema alichosikia, akaniaga, akaingia ndani. Siku moja alisema inanuka zambarau zilizoanguka chini zikakanyagwa. Sijui ni nini kilinifanya niinuke. Nilikuwa na chupa zangu za mtungi uleule, sikuwa nimezigusa tangu msiba. Nikafungua moja, nikamimina katika bilauri, nikanusa. Zambarau. Zimeanguka, zimekanyagwa, vilevile alivyosema.

Nikatoka nje.

"Ni zambarau, Aayo!" nikapiga kelele. "Lakini kuna na pilipili manga!"

Akakiinamia kikombe, akanusa. Kisha akasema, "Pilipili manga sikuisikia. Ngoja." Akanywa tena. "Ipo. Ipo, mwanangu."

Tukaendelea hivyo Jumapili zote zilizobaki, korongo likiwa kati yetu. Majirani walidhani tumerukwa na akili. Niliacha kumchukia Aayo, lakini shauri la kuondoka sikuliacha. Maneno ya ng'ambo hayabebi mtu. Nilitaka mkono begani, mtu wa kuketi nami jikoni, na mila yao ilikuwa imeninyima hilo wakati ambao nilihitaji kuliko wakati wowote wa maisha yangu. Sanduku lilibaki mlangoni.

Wazee walikuja mavuno ya mwaka uliofuata yakikaribia. Nikanyolewa, nikaoga maji ya majani, wakasema maneno yao, wakaniambia nimetoka. Kesho yake alfajiri nilibeba sanduku, nikavuka korongo kwenda kuaga. Hilo sikuweza kulikwepa. Mtu haondoki kwa mama mkwe bila kuaga, hata akiwa na hasira.

Aayo alikuwa ameketi karibu na moto. Aliliona sanduku, akalitazama. Alinishika mikono yote miwili, akaivuta, akanikalisha. Mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto. Kwa muda mrefu nilikuwa sijaguswa na mtu.

Kisha akageuka, akafukua pembeni ya mafiga, akatoa kitu kilichoviringishwa katika kipande cha khanga yangu, ile ya maua mekundu tuliyokuwa tumeichana vitambaa vya mtoto. Akaifungua. Ilikuwa chupa. Imejaa mpaka shingoni, na nta juu ya kizibo haijavunjika.

Niliitazama nisielewe. "Aayo," nikasema, "si ulikuwa unakunywa?"

"Ningeinywaje? Ni ya mtoto."

"Na kikombe? Kila Jumapili?"

"Maji," akasema. "Siku nyingine uji. Nilikuwa nakumbuka tu ile tuliyoonja kwenye mtungi."

Nikaishika chupa. Ilikuwa ya moto kama mtu mwenye homa. Nikajua papo hapo.

"Nilikuambia uilaze penye ubaridi," nikasema.

"Ulisema." Aliinamisha kichwa. "Niliilaza huko siku ya kwanza. Kisha mtoto akaondoka kwa baridi, mwanangu. Kitu chake nikiache kwenye baridi? Sikuweza. Nilikileta hapa kwenye moto."

Akavunja nta kwa kisu, akang'oa kizibo, akamimina katika kikombe chetu. Harufu ilitufikia kabla hajakiinua. Akatangulia kuonja, kama ilivyo desturi, akameza, hakukunja uso. Akanipa kikombe.

"Inanuka nini?" akaniuliza.

Nikaweka mdomo palipokuwa mdomo wake, nikanywa. "Siki, Aayo," nikasema. "Imekuwa siki."

"Ndiyo," akasema. "Ni siki."

Hapo ndipo nililia mbele ya mtu kwa mara ya kwanza tangu maziko, na yeye akalia, akiwa amenishika begani. Kutoka barabara kuu tulisikia honi ya gari la Arusha likiita abiria.

"Hilo si ndilo gari lako?" akauliza.

"Ndilo."

Alingoja mpaka mlio ukapotea upande wa Manyara. Kisha akajaza kikombe tena, akaonja, akanipa, nami nikanywa, nikamrudishia. Tuliinywa hivyo mpaka kwenye mashapo, hatukumwaga hata tone, kwa kuwa ilikuwa ya mtoto wetu.