Mdudu wa Kahawa Kwenye Mto wa Bibi

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumwita mdudu kunguni kabla sijamtazama vizuri. Nilikuwa na miaka minane. Wiki hii, hapa mtaa wa Kwa Mrombo mjini ninapopanga, nimemkuta wa aina ile ile kwenye pazia. Ameingia na mkungu wa ndizi niliotumiwa kutoka nyumbani. Nilipomgusa, harufu yake kali ikabaki vidoleni, na hasira yote ikarudi.

Nyumba ya bibi ilikuwa mlimani, juu ya kijiji cha Kikatiti, katikati ya migomba na kahawa. Msimu wa kuchuma, magunia yalilala chini ya kitanda chake kwa kuogopa wezi, na wadudu wa kahawa wakaja nayo. Bibi aliwajua. Kila jioni kabla baridi haijashuka alifunga madirisha, akaziba nyufa za mbao kwa matambara, akakung'uta nguo za kwenye kamba ndipo zikaingia ndani. Aliyepenya alimsukuma kwa jani mpaka kwenye kopo la maji ya sabuni. "Usimbonyeze," aliniambia. "Ukimbonyeza, utalala na harufu yake."

Asubuhi moja nilimwona mmoja kwenye mto wake. Nikatumwa chumvi kwa mama jirani, na kwa kujiona najua kila kitu, nikamwambia mama huyo kwamba bibi yangu ana kunguni. Naye hakuniuliza nimemjuaje huyo mdudu.

Jumamosi hiyo jumuiya ya kanisa ilisali kwetu. Bibi alikuwa ametandika vitambaa vyeupe kwenye makochi na kupika sufuria kubwa ya loshoro, chakula chetu cha maziwa mgando. Akina mama wakafika, wakaishia mlangoni.

"Karibuni mkae," bibi akasema.

"Tumezoea kusimama, bibi," mmoja akajibu. "Tukikaa tutasinzia."

Wakacheka. Mama jirani akaongeza, "Na mwaka huu kunguni ni wengi."

Bibi akanitazama. Kisha akaingia chumbani, akaburuta godoro lake hadi uani, akalipasua kwa kisu cha jikoni mbele yao. Pamba ikamwagika kwenye majani.

"Tafuteni."

Hakuna aliyesogea. Akaleta lile kopo, akaopoa mdudu mmoja, akamweka kiganjani. "Huyu ana mabawa. Mgongo wake kama ngao, una madoa ya rangi ya chungwa. Kunguni ana mabawa?"

"Mdudu ni mdudu, bibi," alisema mama jirani.

Walisali wamesimama, wakaenda zao. Loshoro tukaila wenyewe mpaka ikachacha. Sikumwambia bibi kwamba maneno yalitoka kwangu, wala yeye hakuniuliza. Jumuiya haikusali tena kwake hadi alipofariki. Namchukia yule mama mpaka leo, halafu nakumbuka aliyempa maneno, na hasira inakosa pa kwenda.

Siku hizi kahawa ya kule imebaki mistari michache. Kwingine ni vyumba vya kupangisha. Mimi nimejifunza wadudu mwenyewe, bila mwalimu. Chini ya mlango wangu nimeziba kwa tambara, na kila usiku nakagua mara mbili. Yule wa kwenye pazia nilimmulika kwa simu, nikatazama mgongo, nikatazama mabawa, ndipo nikamtia kwenye maji ya sabuni.

Mpangaji mwenzangu alichungulia. "Kunguni?"

"Hapana," nikamwambia. "Njoo umwone."