Hela Haichoti Maji

Wilhelmina Mayala aliyajua masikio ya ng'ombe wa Meatu kuliko alivyozijua nyuso za majirani zake. Ndiyo ilikuwa kazi yake. Mfugaji akifiwa na ng'ombe mwenye bima, alilipiga picha sikio lenye hereni ya namba, na picha ikasafiri hewani mpaka kwenye laptopu ya Wilhelmina, katika chumba cha uani mjini Bariadi. Wilhelmina akaitazama, akampigia mfugaji, akamuuliza kwa Kisukuma ng'ombe alianza lini kudhoofu na alikuwa akilala upande gani, kisha akaandika kama fidia inastahili au haistahili. Kampuni yenyewe ilikuwa Dar es Salaam, na hakuwahi kuukanyaga mlango wake. Walimwajiri kwa simu na kumfundisha kwa simu. Siku yake ya kuzaliwa wafanyakazi wenzake walimwimbia kwa simu pia, kila mmoja kutoka kwake, sauti zikipishana kama vyura baada ya mvua.

Dirisha la chumba alikuwa ameliziba kwa godoro kuukuu, ili majogoo na mashine ya kusaga ya mtaani visiingie kwenye mazungumzo ya bima. Humo ndani hapakuwa na asubuhi wala adhuhuri. Palikuwa na mwanga wa kioo cha laptopu tu, na kwenye kona ya kioo nukta ya kijani iliyowaambia wa Dar kwamba yuko mezani. Akiinuka kwa muda, nukta hugeuka njano, na msimamizi wake, Nancy, huandika: "Dada Wilhe, upo?" Zilikuwepo siku ambazo hilo ndilo lilikuwa swali pekee lisilohusu ng'ombe aliloulizwa kutwa nzima.

Lakini kazi aliipenda. Ndiyo iliyomwezesha kurudi kutoka Mwanza kumtunza mama yake, Minza, ambaye miguu ilikuwa imemvimba na haikumbeba tena zaidi ya barazani. Kilichomshinda ni misiba.

Mtaani kwao kifo kilikuwa kazi ya kila nyumba. Wanaume huchimba kaburi; wanawake huteka maji, hubeba kuni, husonga ugali wa watu wengi. Kila nyumba hutoa mikono. Kwa miaka mingi Minza alikuwa ametoa yake, na mwiko mkubwa wa misibani haukushikwa na mwingine akiwepo yeye. Sasa mikono ya nyumba ile ilikuwa ya Wilhelmina, nayo mchana kutwa ilikuwa juu ya vitufe. Akawa anatuma rambirambi kwa simu, kubwa kuliko ya mtu yeyote mtaani, na jioni anapita kutoa pole. Aliamini ametimiza.

"Hela haichoti maji," alisema Salu, mama aliyewaongoza wanawake wa mtaa katika mambo ya mazishi. Mara ya kwanza alisema kwa mzaha. "Na hiyo kazi yenyewe iko wapi? Mtu anafanyaje kazi hatoki nje? Sisi tunamwona akienda chooni tu!"

Wenzake walicheka. Msiba wa tatu hawakucheka tena. Rambirambi ya Wilhelmina ilirudishwa kwenye simu yake, pamoja na hela ya kutolea, na nyumba ikatengwa.

Kutengwa hakuna kelele. Minza aliendelea kukaa barazani kila asubuhi, uso kwenye njia, akisalimia wapitao. "Mwangaluka!" Nao waliitikia, "Mwangaluka," maana mtu hanyimwi salamu, lakini miguu yao haikusimama. Kigoda cha wageni kilikaa pembeni mpaka kuku wakakifanya chao.

"Wilhelmina," mama alimwambia siku moja alipomletea uji, "nikifa nani atanichimbia?"

"Mama, usiseme hivyo."

"Nasema kwa sababu nitakufa. Hao wa kwenye mashine watakuja na majembe?"

"Watu hawawezi kumwacha maiti, mama."

"Hawatamwacha. Watakuja wachache, wamenuna, watafukia haraka, wataondoka bila kula. Baba yako umesahau alivyozikwa?"

Hakuwa amesahau. Baba yake alikuwa mpima pamba wa chama cha ushirika kule Maswa, na alipofariki ushirika ulitoa lori, watu wakajaa mpaka kwenye shamba la pamba la jirani.

"Tangu soko huria lije, kila mtu ana mzani wake," mama alisema. "Sawa. Lakini kaburi hakuna anayejichimbia."

Wilhelmina akakumbuka nukta, akarudi ndani.

Mwaka huo mvua ziligoma. Ng'ombe walikufa Meatu yote, picha za masikio zikamiminika, na Nancy akatangaza kwamba hakuna ruhusa kwa mtu yeyote mpaka madai yapungue. Ndipo asubuhi moja Mzee Mashimba, jirani wa upande wa pili wa ua wa minyaa, alipofariki kitandani kwake. Wilhelmina hakuwa na habari. Alikuwa akizungumza na mfugaji wa Bukundi aitwaye Bujiku.

"Baba, picha yako haionyeshi sikio."

"Haionyeshi kwa sababu halipo. Fisi kala kichwa."

"Mfumo unataka hereni, baba."

"Hereni iko tumboni mwa fisi. Nikampige picha fisi? Atakubali kugeuka?"

Wilhelmina alicheka, na kicheko chake kikamshtua mwenyewe kama sauti ya mgeni chumbani. Kabla hakijaisha, kilio kilipasuka nje, kilio cha mwanamke, kikapita kwenye godoro kana kwamba ni kitambaa. Cha pili kikafuata, kisha vingi.

Bujiku naye alikisikia. "Binti, huko kuna nini?"

Wilhelmina aliitambua sauti ya mke wa Mashimba, ikiliita jina la mumewe. "Jirani amefariki, baba. Tuendelee. Ng'ombe alikuwa wa rangi gani?"

"Jirani wa wapi?"

"Hapa. Nyuma ya ukuta."

"Na wewe umekaa unaniuliza rangi ya ng'ombe?"

"Ndiyo kazi, baba."

"Kazi." Alilitamka kama mtu aliyeonja maziwa yaliyoharibika. "Ng'ombe wangu ameshakufa, mayu. Hafi tena. Mwache anisubiri. Nenda kachote maji." Simu ikakatika.

Wilhelmina alikaa akiitazama nukta. Kisha akamwandikia Nancy: "Kuna msiba kwa jirani. Natoka."

Jibu lilikuja upesi: "Leo? Wilhe, tafadhali. Mimi nakuelewa, mfumo haunielewi."

Akavua hedifoni. Nje mwanga ulimchoma macho. Mama yake alimwona akichukua ndoo, akaivuta miguu yake yote miwili ili apite.

Uani kwa Mashimba wanawake walikuwa tayari wamepanga mafiga.

"Mpisheni mgeni wa Dar!" mmoja alisema.

"Leo mtandao umekata?"

"Mbona amepauka hivi, kama mhogo uliomenywa?"

Wilhelmina alikwenda bombani, akapanga foleni, akarudi na ndoo kichwani. Hakuna aliyeinuka kumtua. Alijitua mwenyewe, maji yakamwagika nusu kifuani, wakatazama pembeni. Akarudi bombani. Safari ya pili Salu alisema, bila kugeuka, "Mimina kwenye pipa." Lilikuwa neno la kwanza kutoka kwake tangu nyumba itengwe. Wilhelmina alichota mpaka pipa likajaa, akachota na la pili, na Mashimba akazikwa alasiri.

Watu walipokuwa wakila, alimfuata Salu. Simu ilikuwa mkononi, na ujumbe kutoka Dar ulikuwa umeshaingia. Aliusoma kwa sauti, hakuficha kitu: hili ni onyo, akiondoka tena mchana watatafuta mwingine.

"Kwa hiyo unanisomea simu," Salu alisema.

"Nakwambia kweli, mayu. Mchana siwezi. Nikiacha kazi, dawa za mama zinaishia hapo. Nipe kazi ya jioni. Yoyote."

"Jioni kuna kazi gani? Jioni watu wameshashiba." Wenzake walicheka. Salu alitazama masufuria makubwa kando ya mafiga, ukoko wa ugali umeganda ndani mweusi kama lami. "Hayo," akasema. "Kila msiba, yote. Na hatutakungoja. Tukishakula sisi tunaingia kwa wafiwa."

"Nimekubali. Na mama?"

"Mama yako aje hata kesho. Yeye kosa lake ni kukuzaa tu."

Jioni ile Wilhelmina alisugua mpaka kucha zikamuuma. Asubuhi alimpigia Bujiku, akaandika habari ya fisi kama alivyoelezwa, akaipeleka kwa wakubwa waamue.

Msiba uliofuata ulikuwa wa mke wa fundi cherehani. Asubuhi na mapema wanawake wawili walikuja na kiti kumbeba Minza. Wilhelmina hakuwaona, aliwasikia kupitia godoro. "Polepole jamani, mimi si gunia la pamba!" mama yake alilalamika, na kicheko kikaondoka naye njiani, kikififia. Hedifoni masikioni, Wilhelmina alikuwa akimsubiri mtu wa Mwandoya atafute mtandao.

Alipofika jioni, uani hapakuwa na mtu. Masufuria yalikuwa yamepangwa ukutani. Alipiga magoti, akachota majivu na mchanga, akaanza. Kutoka ndani ilisikika sauti ya mama yake. Alikuwa akiwasimulia wafiwa ugali ulioungua miaka ile ya ushirika na jinsi walivyowadanganya wanaume kwamba ni wa mtama, na nyumba nzima ikacheka, kile kicheko cha msibani kinachojiziba mdomo. Hakuna aliyeita jina la Wilhelmina.

Mchanga ulikuwa ukikwaruza kwa nguvu, maneno yakampotea. Akauacha mkono utulie ndani ya sufuria, akasikiliza. Mama alipomaliza, Wilhelmina alivuta sufuria jingine.