Nilivyofanya mazoezi Magongo kwenda kuwinda mlimani na mkwe wangu, na kwa nini nilibeba hema langu mwenyewe

Wakuu, habari za humu ndani. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo marahaba.

Mimi ni msomaji wa kimya, miaka nasoma nyuzi zenu nacheka peke yangu. Leo nimekuja na ya kwangu. Haya yamenipata mimi mwenyewe, sijatia chumvi hata punje, na atakayesema ni chai aje Magongo, hapa Changamwe, Mombasa, nimuonyeshe hema. Liko juu ya kabati la chumbani na Mama Neema amekataza lisiguswe.

Nijitambulishe kidogo.

Ni dereva wa kreni bandarini. Wazazi wangu walitoka Vihiga, mimi nimezaliwa Changamwe, nimeoa Changamwe, na Mungu akipenda nitastaafu papa hapa. Kwa hiyo Kiswahili changu ni cha pwani lakini mila zangu ni za Wamaragoli. Hilo la mila mlishike, tutalirudia.

Binti yetu mkubwa, Neema, ni nesi huko Colorado, Marekani. Ameolewa na kijana wa huko anaitwa Derek. Kijana ana adabu na anampenda mwanangu, sina neno naye.

Ila siku ya kwanza alipokuja kwangu, wakuu, alifungua mlango akaingia moja kwa moja hadi sebuleni. Hodi hakuna. Mimi nimekaa na kikoi na fulana yenye matundu, muhogo mkononi. Mama Neema alikimbilia jikoni akajifungia.

Kwa wasiojua, kwetu mkwe ni mtu wa kuogopwa kwa heshima. Mkwe hupiga hodi akiwa mbali, husimama, hungoja. Hakuoni ukivaa, humuoni akivaa. Na hamlali chini ya paa moja hata mvua inyeshe mawe.

Neema alimtoa nje akamfundisha kupiga hodi pale mlangoni, majirani wote wanatazama. Akarudia kama mtoto wa chekechea. Nilimsamehe, maana hakujua, lakini moyoni nikasema huyu atasahau akifika uwanja wa ndege.

Sasa tuje kwenye mada.

Mwaka juzi Neema alijifungua, tukapanga mimi na mama yake twende kumuona mjukuu. Derek akasema, baba, ukija msimu wa baridi unapoanza tutakupeleka kuwinda.

Kule kuna mnyama anaitwa mule deer. Ni kama kulungu lakini mkubwa, ana masikio marefu kama ya punda, na madume yana pembe za matawi. Anakaa juu kabisa milimani. Kila mwaka Derek na baba yake, Mzee Walt, hupanda kumtafuta, na Neema aliniambia Walt hajawahi kumwalika mtu asiye wa damu. Kualikwa ilikuwa ni kuambiwa wewe sasa ni ndugu.

Nikasema ndiyo hata kabla hajamaliza kueleza.

(Na msianze kunipigia kelele za sheria. Najua kwetu uwindaji ni jela. Kule wana vibali, na mimi kibali cha kupiga sikuwa nacho. Kazi yangu ilikuwa kutembea, kuangaza darubini na kubeba nyama.)

Shida ilikuwa moja. Mimi ni mtu wa usawa wa bahari. Urefu siuogopi, nakaa juu ya kreni kutwa nzima. Lakini kule juu hewa ni nyepesi kama uji wa mgonjwa, unakunywa na hushibi. Neema, kwa kuwa ni nesi, alinitisha vizuri: baba, ukipanda bila mazoezi tutakushusha kwa machela.

Kushushwa kwa machela mbele ya wakwe! Nikaanza siku ileile.

Nyuma ya nyumba yangu kuna jengo la ghorofa za kupangisha. Nilitia mchanga kwenye mkoba wa mgongoni, nikavaa buti za kazini, nikawa napanda zile ngazi na kushuka kila nikitoka shifti. Wapangaji mwanzo walidhani nadai mtu. Wengine wakasema Mama Neema amenifukuza nyumbani nabeba nguo zangu natafuta chumba.

Chini ya ngazi ana kibanda chake fundi Charo, Mgiriama wa Kaloleni, anashona maturubai ya malori. Kila nikipita ananitupia neno.

"Baba Neema, hebu pumzika. Ukianguka humo ngazini mimi nitawaambia nini watu? Ati alikuwa akibeba mchanga kuupeleka juu na kuurudisha chini?"

Nikamwambia najiandaa kwenda kuwinda. Akaacha cherehani.

"Kuwinda nani?"

Nguo za baridi nilizipata soko la Kongowea kwa mitumba. Wakuu, siri hii niwape bure: makoti mazito ya theluji yako pale yamerundikwa, na nani wa Mombasa atayanunua? Yule mama muuzaji aliponiona najaribu koti la manyoya kwenye jua la saa sita alinishika paji la uso aone kama nina homa.

Kisha nikamfuata jamaa yangu wa Likoni anayefanya kazi kwenye chumba baridi cha samaki. Aliniruhusu nikae ndani na makoti yangu na sleeping bag, lile gunia la kulalia. Nilikaa mle nimezungukwa na jodari walioganda, meno yanagongana, nimefurahi kama bwana harusi.

Mwili ukaanza kukubali. Kitambi kikarudi ndani. Mama Neema akaanza kuniangalia kwa jicho ambalo nilikuwa nimelisahau.

Basi ndipo ikaja ile video call.

Derek alipiga akiwa na furaha. Alikuwa amesimamisha hema sebuleni kwake anionyeshe. Akaingia ndani, akalala, akanyoosha mikono kulia na kushoto. "Baba, hapa Dad, hapa mimi, hapa wewe. Watu watatu, joto zuri!"

Hema lenyewe ni dogo kuliko banda la kuku. Nyuma yangu Mama Neema alijifunika mdomo kwa leso.

Mimi, Baba Neema, nilale ubavu kwa ubavu na mume wa mwanangu? Avue suruali nikiona? Akoromee sikioni mwangu?

Nilimtafuta Neema pembeni. Mtoto alinielewa upesi, ni damu yangu, lakini alisikitika. Akasema, baba, kule kila kitu kinapandishwa kwa mgongo. Mzee Walt goti lake bovu, Derek amebeba mpaka mwisho wa nguvu zake, hema la pili hakuna wa kulibeba. Kama huwezi, utabaki chini kwenye gari uwangoje.

Yaani nisafiri kutoka Changamwe nikalinde gari.

Nikampigia kaka yangu mkubwa Vihiga, nikijua yeye ndiye mshika mila wetu. Akafikiri sana, kisha akasema, "Ndugu yangu, nenda tu. Hema si nyumba. Hema ni nguo kubwa."

Nikamwambia kaka, kama ni nguo basi ni mbaya zaidi. Nivae nguo moja na mkwe wangu?

Alicheka mpaka simu ikakatika. Lakini ruhusa alikuwa amenipa, na wakuu nitasema ukweli, ningeweza kuichukua. Nani angejua? Walt hajui mila zetu. Derek hajui. Ila mimi ningejua. Na Neema angejua kwamba baba yake, aliyemfundisha kunyenyekea kwa wakwe, akifika ugenini anazivua mila zote mlangoni. Wazee wa pwani wanasema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wangu, huo mkeka mkuukuu, nilizaliwa nao.

Nikaamua: hema la pili litakuwepo, na mbebaji ni mimi. Juu ya mzigo wangu wa kawaida.

Nikaenda kwa Charo.

Hema la kwanza alilishona kwa turubai la lori. Imara, hata kifaru hapiti. Lakini tulipolikunja na kulinyanyua tulitazamana. Nilipanda nalo ghorofa mbili nikakaa chini kama gunia.

Charo akasema, "Hili mpe mwenye trela. Wewe nipe siku, nina wazo."

Wazo lake lilikuwa kitambaa chepesi cha nailoni, kile cha kutengenezea mabanda ya matangazo. Rangi ya machungwa kali, inaumiza macho. Akakishona mshono juu ya mshono, akaupaka nta, akatia vitanzi vya kamba kama vya turubai. Nguzo zake ni fimbo zangu mbili za kutembelea. Likikunjwa linaingia chini ya kwapa.

Nikamwambia Charo, rangi hii mnyama ataniona nikiwa bado Mombasa.

"Sasa wewe wataka hema au wataka maficho?"

Tulilijaribu Taita, juu kule kilele cha Vuria, kwenye upepo na ukungu. Charo mwenyewe alikuja kulinda kazi yake. Nililala ndani kavu, yeye akalala kwenye nyumba ya wageni, asubuhi akaja kukagua mishono kabla hajanisalimia. Hapo nikajua niko tayari. Nikaongeza mchanga kwenye mkoba, nikaendelea na ngazi mpaka siku ya safari.

Marekani sitawachosha nayo. Mjukuu ni mzuri, amefanana na mimi.

Kuhusu rangi, Derek alipoliona hema alipiga makofi. Kumbe kule wawindaji wa bunduki lazima wavae rangi hiyohiyo ili wasipigane risasi, na mnyama mwenyewe haioni vizuri. Nikatoa begini reflekta yangu ya bandarini, kile kizibao cha rangi ya machungwa, nikaivaa. Walt akaniangalia juu mpaka chini, akasema huyu amekuja kazini.

Kupanda kulikuwa kazi kweli. Tulikaa kwanza siku kadhaa kwenye mji ulio nusu ya njia ya kupanda ili mwili uzoee, kichwa kikauma, nikanywa maji kama ngamia. Kisha tukaanza. Kule juu unapiga hatua chache unasimama kama umekimbia mbio. Lakini miguu, wakuu! Miguu ya ngazi za Magongo haikunitupa. Sikushindana na mtu. Pole pole, pumzi kwa hatua, mzigo mgongoni na nyumba yangu juu ya mzigo.

Derek aliniomba mara kwa mara anisaidie kubeba lile hema. Nikakataa. Hakuuliza sababu.

Tulipofika nilisimamisha langu mbali kidogo na lao, mlango nimeuelekeza kwingine. Walt akavuta kamba yake, akatikisa kichwa, akasema upepo utalichukua. Nikamwambia aliyelishona anaitwa Charo.

Walt alipata dume lake baada ya kungoja kwingi tukiwa tumelala kifudifudi kwenye mawe. Risasi moja tu. Nililiendea lile dume nikashika masikio yake, kweli ni ya punda. Tukagawana mzigo wa nyama kurudi kambini, na goti la Walt likaanza kumsumbua. Nikachukua paja la fungu lake nikaongeza kwenye langu. Nilitembea mbele yao mpaka kambini. Niringe kidogo, jukwaa ni la bure.

Usiku ule theluji ilishuka na upepo wake. Asubuhi niliamka hema limelemewa, limebonyea, lakini halijapasuka hata uzi. Mishono ya Kaloleni hiyo.

Nimekaa ndani na nguo za kulalia, natafuta suruali, nikasikia buti zinakuja kwenye theluji. Nikaganda. Nikasema sasa huyu anafungua zipu, safari yangu yote imekuwa bure.

Buti zikasimama. Mbali, pengine hatua kumi.

Kisha sauti, na lafudhi yake iliyopinda:

"Hodi."

Nikapapasa chini ya mkoba, nikaipata suruali.

"Hodi, baba."

Nikamwambia subiri. Akasubiri. Nilivaa suruali, nikavaa koti, nikafunga vifungo vyote taratibu, na kijana wa watu amesimama kwenye theluji na upepo ananingoja mimi. Nilipomaliza ndipo nikasema karibu.

Hakuingia. Aliweka kikombe cha kahawa mlangoni, akageuza uso pembeni, akarudi nyuma. Nilipotoka nilimkuta bado anatazama milima upande mwingine, theluji mabegani.

Nililia, wakuu. Mzee mzima na reflekta, juu ya mlima, nikalia nikinywa kahawa.

Nilikuja kumuuliza Neema kama ndiye aliyemfundisha. Akasema hapana, baba, tangu ile siku ya Magongo hatujalizungumza tena. Alipokuona unalipandisha lile hema mwenyewe na hutaki usaidiwe, alielewa peke yake.

Funzo nililopata: jiandae na mapafu, jiandae na miguu, nguo za baridi nenda Kongowea. Lakini heshima yako usiiache chini kwenye gari kwa sababu ni nzito. Ibebe mwenyewe, usimlazimishe mtu akubebee, na wenye macho wataiona.

Mwaka huu Derek anakuja Mombasa. Charo ameshasema anataka kumuona huyo aliyepigia hodi kazi yake.

Nawaachia uwanja, ila kaka yangu wa Vihiga bado anabisha na nimemuahidi nitaleta majibu yenu. Hema ni nyumba au ni nguo? Jibuni kwa heshima, Mama Neema anasoma.