Mrija wa Wekoye

Zamani mgonjwa aliporudi nyumbani wazee walimsogezea mrija chunguni kabla hajaketi. Siku hizi humtengea kikombe chake.

Nasema hivi kwa sababu ya Wekoye wa Bumula. Ndiye aliyetukatia sisi sote mirija ya kunywea pombe ya busaa, ile mirefu ya kuzunguka chungu kimoja, na kila ncha akaisukia kichujio kwa mkono wake. Mwaka wa 2005 alitolewa uvimbe kichwani. Hakuwa ameanguka kifafa hata siku moja. Lakini daktari alimpa vidonge vya kifafa kabla ya kupasuliwa na baada yake, akamweleza kwamba ubongo ulioguswa na kisu unaweza kumwangusha mtu, basi ni heri kuuwahi. Akiendelea vizuri, vidonge vitapunguzwa polepole hadi viishe.

Mkewe, Phelista, alikwenda kununua vingine Chwele siku ya soko, akavitaja dukani mbele ya watu. Habari zilifika Bumula kabla yake. Jioni, alipofika chunguni kwa wazee, Wekoye alikuta mrija wake umeegemezwa ukutani, na kikombe cha bati kando. Wanaamini kifafa hupitia kwenye mate.

"Ni dawa ya kuzuia tu," aliwaambia. "Huo ugonjwa sina."

"Mzee, si utuambie ukweli," Wabwile, mmoja wao, akasema. "Nani hufunga ng'ombe ambaye hana?"

Wakacheka. Hata wale aliotahiriwa nao mwaka mmoja, ambao kwa mila zetu hawapaswi kumficha kitu wala kumnyima kitu, walicheka.

Wekoye hakugusa kikombe. Alimeza vidonge vyake kama alivyoagizwa, mpaka daktari wa Kitale akavipunguza, kisha akamwachisha. Kutoka huko hakupitia nyumbani. Alikuja moja kwa moja chunguni kuwaambia amemaliza dawa na hajaanguka.

Wabwile alimtazama kichwani, palipokuwa na kovu. "Ati umeacha? Sasa si ndiyo utaanguka, bana. Wacha kwanza tuone."

Wakangoja waone. Mwaka ukapita hajaanguka, na kikombe kikabaki pale pale. Wao waliendelea kunyonya kwa mirija aliyowakatia.

Mara ya mwisho nilipowaona, yeye na Phelista walikuwa uani kwao, chungu kidogo kikiwa katikati. Mirija ilikuwa ile mirefu ya kutosha duara la wazee, kwa hiyo iliwabidi kukaa mbalimbali, kila mmoja upande wake wa ua, wakinyonya.