Dakika za Matangazo

Binti yangu hupiga tromboni. Alianza katika bendi ya kanisa huko Kakamega, wakati mkono wake ulikuwa bado mfupi na hakuweza kuusukuma mrija hadi mwisho, kwa hiyo noti za chini kabisa alizifikia kwa kupinda bega zima. Leo yuko mwaka wa mwisho katika chuo kikuu kimoja cha Marekani, kwa ufadhili wa masomo, na yumo katika bendi kubwa ya gwaride ya chuo hicho. Bendi hiyo huingia uwanjani wakati wa mapumziko ya michezo ya futiboli yao, ile ya kofia ngumu na mpira wenye ncha mbili.

Mimi niko Doha. Ni fundi wa televisheni katika hoteli moja ya Al Sadd. Madishi yako juu ya paa, nyaya zake hushuka hadi chumba kidogo cha ghorofa ya chini, na humo ndimo ninamoshinda, nikihakikisha kwamba mgeni akibonyeza rimoti picha inakuja. Likizo yangu huwa Julai. Julai yeye hufanya kazi katika maabara ya chuo ili ajikimu. Tangu apande ndege kwenda huko hatujakaa katika chumba kimoja. Tunaonana kwenye simu kila Jumapili, na kicheko chake ni kilekile.

Nilichotaka kilikuwa kitu kimoja: kumwona akipiga katika uwanja ule, si kesho yake, bali katika dakika ileile anapopiga. Kwa mtu wa kazi yangu hilo halikuonekana gumu.

Michezo yao ya kawaida haitufikii huku. Inayotufikia ni ile ya mwisho wa mwaka, ambayo Wamarekani huiita bakuli kwa sababu viwanja vya kwanza vya aina hiyo vilijengwa kwa umbo la bakuli. Timu iliyoshinda angalau nusu ya michezo yake huweza kualikwa kwenye mojawapo, na chuo kikialikwa, bendi husafiri pamoja na wachezaji. Katika mwaka wake wa pili chuo chao kilialikwa. Alinipigia akipiga kelele hata sikuelewa maneno, nikaelewa furaha tu.

Mchezo ule ulichezwa jioni ya kwao, yaani alfajiri ya Ijumaa kwetu. Tunakaa watu watatu katika nyumba moja ya Umm Salal: mimi, dereva kutoka Nairobi, na Mganda mmoja ambaye ni mlinzi. Mlinzi alikuwa ametoka zamu, bado na sare. Dereva alikwenda kafeteria akarudi na chai ya karak na chapati za paratha, ingawa alikuwa amesema hawezi kuamka siku ya mapumziko kwa ajili ya mpira wa kushikwa kwa mikono.

"Buda," aliniuliza baada ya muda, "mbona wakikimbia kidogo wanaanguka wote? Hii ni mechi ama ni vita ya soko?"

"Wanatafuta yadi kumi. Wakizipata wanapewa nafasi nyingine."

"Yadi kumi tu? Na wamevaa hivyo kama watu wa nduthi, wale wa bodaboda?"

"Mzee," mlinzi akasema, "hawa ukiwaweka getini kwetu, hata meneja hapiti."

Niliwaeleza kwamba michezo hii iko makumi kila msimu, na kwamba mingi hubeba majina ya wafadhili. Uko mmoja wa mayonesi.

"Mayonesi?" dereva akasema. "Na mshindi anapewa sandwichi?"

"Kocha wake anamwagiwa mayonesi kichwani."

"Wacha!"

"Nimeona kwa macho yangu."

Mlinzi aliweka kikombe chini akacheka hadi akakohoa. Kisha mapumziko yakafika, nikawaomba wanyamaze kwa sababu binti anaingia. Mlinzi alivua kofia yake. Wachezaji waliondoka kwa mbio. Pembeni kabisa mwa picha niliona manyoya meupe ya kofia za bendi, yamejipanga, yanangoja. Halafu picha ikabadilika. Palikuwa na meza ndefu, na nyuma yake wanaume waliovaa suti, wakizungumzia michezo mingine iliyochezwa siku ile.

Tulingoja. Karak ikapoa.

"Labda watarudi," dereva akasema.

Picha ya uwanja ilirudi wachezaji wakiwa tayari wameingia.

"Wamemficha mtoto wetu," mlinzi akasema kwa hasira ya kweli.

"Khalas, yaishe, buda," dereva akasema. "Utamwona kwenye simu."

Binti alinipigia kabla ya saa sita mchana. "Baba, mlituona?"

"Tuliona kofia."

"Kofia?"

"Manyoya ya kofia. Pembeni."

"Basi mmeona kuliko wengine. Watu wa hapa wakati huo wanaenda jikoni kutengeneza bisi. Hakuna mtu hutuonyesha, Baba. Nilidhani unajua."

Sikujua. Ninapokuwa sijui kitu, desturi yangu ni kukianza mwanzo. Kwa miezi kadhaa baada ya hapo nilitumia saa zangu za mapumziko kutafuta habari za michezo ile na televisheni, kwa kusoma na kwa kutazama kanda za zamani ambazo watu wameziweka kwenye intaneti. Nilijifunza kwamba mchezo mkongwe kuliko yote ulianzishwa California na watu wa gwaride la maua, waliotaka kuwaonyesha wenzao wa mashariki kwamba kwao Januari ina jua. Miji mingine ya kusini ikaiga. Redio ilifika kwanza. Televisheni ilifuata, na katika miaka ya hamsini mtu aliyekuwa ndani ya theluji aliweza kukaa sebuleni akatazama watu wenye mashati mepesi wakishangilia juani. Nilielewa upesi kwa nini walipenda. Ilikuwa picha ya mahali ambapo hawapo.

Siku hizo vyuo viliogopa kwamba televisheni itawamaliza watazamaji viwanjani, kwa hiyo chama chao kiliweka mipaka kwa michezo ya msimu: michache tu ndiyo iliyoonyeshwa. Michezo ya bakuli haikuwa chini ya mipaka hiyo. Siku ya Mwaka Mpya familia ilikaa mbele ya kioo kuanzia asubuhi, gwaride kwanza, kisha mchezo baada ya mchezo. Katika miaka ya themanini mahakama ilivunja mipaka ile, televisheni za kulipia zikaongezeka, na kila moja ilihitaji kitu cha kuonyesha Desemba. Michezo ya bakuli ikazaana. Mingine leo ni mali ya televisheni zenyewe.

Lakini mimi nilikuwa nikitafuta bendi. Katika kanda za zamani zipo. Kamera ilikuwa moja juu kabisa, labda mbili, na mapumziko yalipofika haikuwa na mahali pengine pa kwenda. Ilibaki pale. Mtangazaji alieleza kwa sauti ya upole kwamba sasa vijana wanatengeneza umbo la gari moshi, sasa la nyota, na ukitazama vizuri, ndani ya weusi na weupe uliochakaa, unaona nyota. Nilimaliza usiku mwingi wa wikendi nikitazama mapumziko tu, nikiruka mchezo. Watu wale waliopiga tarumbeta wengi wao sasa ni wazee sana au wamekufa, na mimi, nisiyewajua, nimewaona.

Nilitafuta pia ni lini bendi ziliondolewa na ni nani aliyeamua. Sikupata uamuzi. Nilipata kanda ambamo bendi inaonyeshwa yote, kisha kanda ambamo inaonyeshwa nusu, kisha ambamo inaonekana nyuma ya mtu anayesoma matokeo. Kisha meza.

Jambo moja lilinisumbua zaidi ya mengine. Bendi za gwaride hucheza zikiutazama upande wa jukwaa la waandishi na kamera kubwa. Maumbo yao yamepangwa yaonekane kutoka hapo. Kwa hiyo muda wote ule wa mapumziko binti yangu alikuwa ameelekeza uso wake kwenye kamera, na kamera ilikuwa inafanya kazi, na picha ilikuwa inatoka uwanjani kwenda mahali fulani ambako mtu aliamua isiendelee hadi kwangu.

Wenzake walimpiga video kwa simu, naye akanitumia. Ninazo zote. Ni nzuri, na katika mojawapo unamwona hadi viatu. Lakini zinafika jambo likiwa limekwisha. Ninapozitazama yeye amelala, au yuko darasani, na yule aliye kwenye kioo hayupo popote. Nilimweleza mke wangu hili kwa simu. Yeye alisema, "Wewe unataka kuwa pale. Sema hivyo tu, usizunguke na mitambo."

Ni kweli, nilitaka kuwa pale.

Katika mchezo ule wa kwanza nilikuwa nimeona kitu kingine, na ni kwa sababu ya kazi yangu nilikiona. Mchezo ukisimama kwa matangazo ya biashara, Wamarekani huonyeshwa magari na bima. Huku kwetu hakuna aliyenunua nafasi ile. Kwa hiyo watangazaji hunyamaza, na kinachofika ni picha pana ya uwanja, bila maneno, na sauti ya watu tu, hadi matangazo ya huko yaishe. Wageni hotelini hupiga simu mapokezi wakidhani sauti imeharibika. Sauti haijaharibika.

Jumapili moja nilimuuliza binti, "Mchezo ukisimama kwa matangazo, nyinyi mnafanya nini?"

"Tunapiga, Baba. Ndio wakati wetu. Tukiwa kwenye viti, pale kona. Timu ikianza tena tunanyamaza."

Nilimwomba arudie.

Mwaka wa tatu timu yao ilishindwa mapema na haikualikwa popote. Mwaka huu wa mwisho nilifuatilia kila mchezo wao kwa matokeo yaliyoandikwa, kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali, na walifuzu katika mchezo wa mwisho wa msimu. Walipangiwa bakuli dogo, katika mji mmoja wa kusini, saa za asubuhi kwao, saa moja jioni kwetu. Binti alisema baada ya hapo atairudisha tromboni ya chuo na sare yake.

Jioni hiyo tulikaa tena watatu. Dereva alikuwa amejifunza kuhesabu yadi na akawa anamfundisha mlinzi, vibaya. Mimi sikutazama mpira. Matangazo ya kwanza yalikuja, watangazaji wakanyamaza kama nilivyotarajia, na kamera ikabaki juu ya upande ambao hawakuwapo. Tulisikia ngoma tu, kwa mbali.

Mara ya pili kamera ilikuwa upande ule mwingine. Kwenye kona palikuwa na kipande cha rangi ya njano, kidogo kama kitambaa cha mkono, na kipande kile kilikuwa kinatikisika. Sauti ilikuwa wazi. Niliiongeza, nikasimama nikaenda hadi kwenye kioo. Mbele kabisa ya njano ile palikuwa na mstari unaong'aa, ukiwaka na kuzima, kwa sababu tromboni huwekwa mbele ili mirija isimgonge mtu, na jua la huko lilikuwa linaipiga mirija yote kwa pamoja ikienda na kurudi.

"Yupi?" dereva akauliza.

"Mmoja wa hawa."

"Yule anayetikisika sana?" mlinzi akasema.

"Wote wanatikisika."

"Basi ni yule. Nimesema mimi."

Niliweka kidole kwenye kioo, mahali ambapo mstari ulianza. Alikuwa ameniambia yuko wa tatu kutoka ukingoni, lakini kwa umbali ule hakukuwa na wa tatu wala wa pili. Palikuwa na mwanga mmoja mrefu. Katika mwanga ule yeye alikuwamo, na alikuwa anavuta pumzi wakati huohuo ninaovuta yangu. Kisha watangazaji wakarudi, picha ikashuka kwa wachezaji.

Tangu hapo nilitamani kila kitu kinachosimamisha mchezo. Wenzangu walishangilia mbio. Mimi nilingoja mtu aanguke bila kuumia, refa apige filimbi, timu zibadilishane mpira. Mapumziko yalipofika ilikuja meza na suti zake, na sikuikasirikia. Katika nusu ya pili niliwaona mara tatu. Mara moja jua lilikuwa limehama na mirija haikuwaka, nikasikia tu.

Mwishoni timu ya binti ilikuwa mbele kidogo na ilikuwa na mpira. Ilitosha wapige goti na mpira mkononi, bila kukimbia, na kuacha saa iishe. Kocha wa upande wa pili alikuwa bado na nafasi moja ya kuomba mchezo usimame.

"Asiombe, asiombe," dereva alikuwa anasema.

Mimi nilimtazama kocha yule mikononi. Angeiomba, wangekwenda kwenye matangazo, na kamera ingepanda. Alivua kifaa chake cha masikio, akakikunja, akaanza kutembea kuvuka uwanja kwenda kumpa mwenzake mkono.

"Tumeshinda, Mzee!" Mlinzi alinikumbatia.

"Tumeshinda," nikasema.

Stesheni yetu haikungoja. Mara ikaleta kandanda ya Uingereza, timu zikiwa zinaingia. Dereva akasema sasa huu ndio mpira, akasogeza kiti. Lakini binti alikuwa ameniambia kwamba mchezo ukiisha bendi hubaki. Hupiga wimbo wa chuo, kisha hupiga nyimbo nyingine zote, hadi watu wamalize kutoka na viti vibaki vitupu. Nilipunguza sauti ya televisheni. Huko uwanjani alikuwa bado anapiga.